Mwalimu Aliyesema Ni Mimi

Mwalimu aliyenifundisha kuandika programu aliogopa mbwa kuliko kitu chochote duniani, na baada ya mbwa aliogopa watu wenye haraka. Mbwa aliwakwepa kwa kuvuka barabara. Watu wenye haraka aliwafundisha, maana ndio tuliomfuata: vijana wa Kasese tuliomaliza shule bila kazi, tukasikia kuna Mkongomani nyuma ya duka la majembe anayefundisha kompyuta, na ukijua kompyuta Kampala inakuita.

Jina lake sitalitaja. Sisi tulimwita Mwalimu, jirani mwenye majembe alimwita Mwalimu, na hata mke wake, aliyeuza vitenge sokoni, alimwita hivyo hivyo. Alitoka upande wa Butembo. Kwa nini alitoka, tulijua kama wote tunavyojua: vita. Yeye hakusimulia, nasi hatukuuliza. Mimi ni Biira, jina la binti wa pili kwa Wakonzo. Kwao Mwalimu, ng'ambo ya mpaka, binti wa pili ni Kavira. Basi tangu siku ya kwanza akaniita Kavira, na sikumsahihisha.

Alikuwa na koti moja la kahawia alilolivaa hata siku ambazo joto la Kasese hupasua midomo. Katika mfuko wa ndani alibeba rozari, kalamu mbili na diski aliyoifunga kwa kitambaa cha leso. Diski hiyo ndiyo ilikuwa ghala letu.

Nieleze kidogo kazi yenyewe, maana bila hiyo hutamwelewa. Hakuna mtu anayeandika programu yote peke yake. Ukitaka programu yako itume ujumbe kwenye simu, kuna mtu mahali fulani ameshaandika kipande cha kutuma ujumbe, unakichukua. Vipande hivyo huitwa vifurushi. Kila kifurushi kinategemea vingine, na hivyo vinategemea vingine tena, na kila kimoja kina namba ya toleo lake. Ukibadilisha kimoja bila kuangalia, kingine kinaweza kukataa kufanya kazi, au kibaya zaidi, kikafanya kazi vibaya kimyakimya. Wengi hujifunza hilo kwa kuumia. Mwalimu alitaka sisi tujifunze kwa kusikia.

"Usialike mugeni mwenye haujue bageni yake," alikuwa akisema.

Tulipotaka kuongeza kifurushi alitusimamisha mbele ya wenzetu. Nani alikiandika? Kinaleta nini nyuma yake? Mwandishi wake akiacha kazi kesho, sisi tutafanya nini? Ukishindwa kujibu, hukipati. Siku moja nilitaka kifurushi cha kugeuza herufi ya kwanza ya jina iwe kubwa. Akaenda ubaoni, akachora vyote ambavyo kifurushi hicho kingevuta, mpaka ubao ukajaa.

"Kavira," akasema, "unaleta batu kumi na mbili mu nyumba juu ya kufunga mulango moja?"

Darasa zima lilicheka. Nikakaa chini nikaandika mwenyewe, mistari sita. Mwalimu akaisoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma Injili, na alipomaliza akasema, "Voilà. Hii haitegemei mutu." Sijawahi kusifiwa vile tena, hata na watu walionilipa vizuri.

Kila Jumamosi alikwenda kwa rafiki yake mwenye intaneti nzuri, akapakua vifurushi vya juma zima kwenye ile diski. Bando likiisha au mtandao ukikatwa, sisi tuliendelea na kazi. Na kila mradi ulikuwa na ukurasa wake katika daftari gumu: jina la kifurushi, namba ya toleo, siku kilipowekwa, na sababu. Kila tarakimu ya 7 aliikata katikati kwa kistari. Tulimwambia kompyuta inaweza kuyatunza hayo yote. Alijua. Alituonyesha faili inayoyatunza, akatulazimisha kuiandika, kisha akaandika na daftarini vilevile. "Kichwa si faili," alisema, "na faili si daftari."

Sheria yake kubwa ilikuwa ya vyumba. Kila mradi uwe na chumba chake ndani ya kompyuta, vifurushi vyake vikae humo, visigusane na vya mwingine. "Babibi bawili mu jiko moja," aliuliza, "nani atapika?"

Ajabu ni kwamba nyumba yake mwenyewe haikuwa na sheria hiyo. Palipochafuka upande wa Beni, huko Kongo, watu walivuka mpaka na magodoro vichwani, na wengine waliishia kwake, katika nyumba ya vyumba viwili, wakalala mpaka jikoni. Hakuuliza walitoka ukoo gani wala watakaa mpaka lini. Mke wake alihesabu sahani, akashika kiuno, kisha akaongeza maji kwenye sombe, kisamvu cha kwao. Nilimtania siku moja: "Mwalimu, hawa je? Umeuliza wageni wao ni akina nani?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Batu si vifurushi, Kavira. Mutu unafungula kwanza, unauliza nyuma."

Hakuweza kumnyima mtu kitu. Padre akitaka orodha ya wanakwaya, Mwalimu. Mwenye majembe simu yake ikigoma, Mwalimu. Alituhubiria tusitegemee kitu kimoja, naye alikuwa kitu kimoja ambacho nusu ya mtaa ilitegemea. Kwayani aliimba vibaya, na hakuna aliyethubutu kumtoa, kwa kuwa ndiye aliyetengeneza kinanda.

Hasira zake nilizishuhudia mara moja tu. Mwenzetu mmoja alikuwa amefuta kazi ya juma zima, akanyamaza, tukahangaika siku mbili kutafuta tatizo. Ilipojulikana, Mwalimu hakupiga kelele. Alisimama mlangoni akiangalia nje, ametugeuzia mgongo wa lile koti. "Kosa ni ya kila mutu," alisema. "Kuficha ni ya mwenyewe." Nami niliandika maneno hayo kwenye jalada la daftari langu, kwa wino mwekundu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimelizunguka.

Kulikuwa na zahanati ndogo ya masista karibu na Kinyamaseke. Mwalimu aliwaandikia programu ya kuwatumia akina mama ujumbe: siku ya nesi wa watoto ni lini, dawa zimefika, siku imebadilika. Ilikuwa programu yake ya kwanza huku Uganda, aliyoiandika kabla ya sheria ya vyumba, na haikuwa na chumba. Ilikaa kwenye kompyuta ya zahanati na vifurushi vyake wazi, kama nguo zilizoanikwa uani. Kila tulipomkumbusha alijibu, "Juma lijalo. Sasa inatembea, tuiache itembee." Alisema hivyo miaka miwili.

Mimi wakati huo nilikuwa naandika programu ya chama cha wakulima wa kahawa. Masista, kwa wema, walituruhusu kutumia kompyuta ile ile, kwa sababu ilikuwa na umeme wa jua. Jumatatu moja Mwalimu alikwenda Bwera kwenye mazishi. Nilikuwa peke yangu, wakulima walitaka kuona kazi kesho yake, na programu yangu iligoma ikidai toleo jipya la kifurushi fulani. Nilipaswa kuingia kwenye chumba cha kahawa na kukibadilisha humo tu. Sikuingia. Nilikaa pale nje, penye vifurushi vya wote, nikaiambia kompyuta isasishe kila kitu. Ilichukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Nikaiendesha programu ya kahawa hapo hapo nje, ikafanya kazi, na nikarudi nyumbani Kasese nikiimba.

Kati ya vilivyosasishwa, kimoja kilikuwa cha kupanga namba za simu. Toleo la zamani lilikubali namba zinazoanza na sifuri, kama sote tunavyoziandika. Toleo jipya lilizikataa, na lilizikataa bila kusema. Jioni ile Sista mkuu wa zahanati aliandika ujumbe kwamba nesi wa watoto hatakuja Ijumaa, atakuja kesho, Jumanne. Kompyuta ikamwambia ujumbe umetumwa. Haukumfikia mama hata mmoja.

Karusandara kulikuwa na mama mmoja mwenye binti wa miaka sita, mwenye ugonjwa wa selimundu, aliyezoea kuonwa na nesi huyo. Mtoto alikuwa na homa kidogo tangu Jumapili. Mama akasema Ijumaa si mbali. Ijumaa alimbeba mgongoni, akapanda gari, akafika, nesi hayupo. Mtoto alifia njiani wakipelekwa hospitali kubwa. Daktari mmoja alisema baadaye kwamba labda hata Jumanne isingemwokoa. Labda. Nimeishi na neno hilo miaka minane, na bado sijui nilishike upande gani.

Mkutano ulifanyika chini ya veranda ya zahanati. Sista alikaa na wazee wa kamati. Mama wa mtoto alikaa kwenye benchi, kanga imemwanguka begani, macho yakienda kwa kila uso. Mwalimu alikuwa amekwisha kufungua kompyuta na kurekebisha. Ilimchukua muda usiofika saa moja. Programu hatimaye ilikuwa na chumba chake.

"Nani aligusa hii kompyuta?" Sista aliuliza.

Nilikuwa nimekaa karibu na Mwalimu, bega kwa bega. Nilifungua mdomo. Nakumbuka kabisa kwamba niliufungua.

"Ni mimi," Mwalimu alisema.

Akasimama, akalivua lile koti, jambo ambalo hatukuwahi kuliona, akalikunja mkononi kama mtu aliyeingia kanisani amechelewa. "Ni mimi, Sista. Sikuweka programu vile inatakiwa. Mama, nisamehe."

Mama alimtazama tu. Nami nikaufunga mdomo wangu.

Zahanati ikamwachisha kazi. Habari zikafika mjini zikiwa zimenenepa: Mkongomani ameua mtoto kwa kompyuta. Wazazi wakawaondoa watoto wao darasani, mmoja mmoja, na mwenye majembe, ambaye kinanda cha kanisa lake na simu yake vilitengenezwa na mikono ile, akasema anakihitaji chumba chake. Mwalimu na mkewe wakahamia Bwera. Kabla hawajaondoka aliniandikia barua ya kuniombea kazi Kampala, kwa Kiingereza chake cha kunyooka, akisema mimi ni mtu mwangalifu. Nilisoma neno hilo, nikaikunja barua, nikaitumia. Nikapata kazi. Miezi ya kwanza nilimpigia simu kila Jumapili, nikiuliza habari za afya na za mke wake. Kisha kila mwezi. Kisha kwa sikukuu. Kisha sikupiga tena, kwa sababu kila alipoitikia "Kavira!" kwa furaha ile, nilitafuta kisingizio cha kukata simu.

Mwaka huu nilirudi Kasese kumwuguza baba yangu. Hapo nikasikia Mwalimu haoni tena vizuri, presha ya macho imemla jicho moja na la pili linafuata. Baba alipopata nafuu nikasema nitakwenda Bwera, na safari hii sitasema habari za afya.

Nilishuka kwenye pikipiki mbele ya nyumba ndogo ya mabati, si mbali na barabara iendayo mpakani. Mke wake ndiye aliyetoka. Alinikumbatia, akaniingiza ndani. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye mkeka, ungo wa maharage mapajani, akichambua kwa vidole. Mawe huku, maharage kule. Koti lile lilining'inia msumarini nyuma yake.

"Mwalimu," nikasema.

Vidole vilisimama. "Kavira."

Nilikaa chini mbele yake, nikayasema yote nisije nikapoteza nguvu. Jumatatu ile. Programu ya kahawa. Jinsi ambavyo sikuingia chumbani. Mkutano, mdomo wangu. Nilisema kwa haraka, na alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na nilipomaliza akaendelea kidogo na maharage.

"Nilijua," alisema. "Siku ile ile. Mashine inaandika yote, saa na jina na kile mutu alifanya. Jina yako ilikuwa pale mbele ya macho yangu."

"Mbona ulisema ni wewe?"

"Ile programu, nani aliiacha inje bila chumba? Nilisema juma lijalo, juma lijalo. Sikudanganya yote, Kavira. Nilidanganya nusu." Akatupa jiwe kwenye kopo. "Na ule mama alikuwa anatafuta uso ya kuangalia. Niliangalia yako. Ilikuwa ya mutoto."

Nililia. Hakunikataza. Mke wake alipita na sufuria, akaniwekea mkono kichwani, akaenda zake nje.

"Umenisamehe, Mwalimu?"

"Weye? Siku ile ile." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: "Lakini si mimi nilifiwa."

Nikamwuliza kama amewahi kumwona tena yule mama. Akasema alikuwa akienda Karusandara kila mwaka baada ya Pasaka, alipokuwa bado anaona njia. Mara ya kwanza alidhani atafukuzwa. Mama alimpa kiti, akampa uji. Ndipo Mwalimu akagundua jambo ambalo hakulitarajia: mama hakumlaumu yeye hata kidogo. Alijilaumu mwenyewe. Siku zile simu yake haikuwa na chaji. Aliamini kwamba ujumbe ulikuja, simu ikiwa imezimika, na kwamba angeipeleka kuchajiwa dukani binti yake angekuwa hai.

"Nilimuambia, mama, ujumbe haikutoka. Haikutoka hata kwa mutu moja. Alikataa. Kila mwaka nilimuambia, kila mwaka alikataa. Alisema, Mwalimu, weye unabebaka mizigo ya kila mutu, banakujua. Hii yangu uniachie." Vidole vyake vilipapasa ungo, haviokoti kitu. "Mimi hakuniamini tena. Alikuwa anangoja kusikia kwa mwenyewe mwenye alifanya, na hakujua kama anangoja."

Nikafuta uso. Nikasema, "Nitakwenda kesho. Asubuhi na mapema nitoke Kasese, nimtafute. Nitamwambia mimi mwenyewe."

Alitikisa kichwa.

"Alikufa, Kavira. Mwaka jana, wakati ya mahindi."

Nje mtu alikuwa anapasua kuni.

"Ulikuwa na namba yangu," nikasema. Nilisema kwa ukali, na ninaona aibu hadi leo. "Ungenipigia. Ungesema njoo, huyu mama anajiua kwa mawazo. Ningekuja!"

"Ungekuja," alikubali. "Nilishika simu mara mingi. Nikasema, kitu ya namna hii hatuite mutu. Mutu anakuya mwenyewe. Kama nakuita, ni mimi nimekuya." Akapumua. "Pengine nilikosa. Ule mama angekufa moyo mwepesi, na mimi nilikuwa nafundisha weye. Nilikuwa bado nafundisha, unaona?"

Hapo ndipo na yeye alipolia, kwa jicho linaloona na lile lisiloona. Nilimchukulia ungo mapajani nikauweka chini.

Tulikula bugali na sombe. Aliniuliza habari za kazi yangu, nikamjibu. Aliniuliza kama baba anatembea sasa, nikasema anatembea. Alikula kidogo, akapapasa ukuta, akaenda kulala kabla jua halijashuka, kwa kuwa mwanga wa alasiri unamuumiza. Hakunikumbatia. Alinishika kifundo cha mkono, akakishika muda mrefu, akasema, "Salimia baba."

Mke wake alinisindikiza mpaka barabarani. Alikuwa amezeeka kuliko Mwalimu. Tukasimama tukingoja pikipiki, na malori ya mpakani yakitupita na vumbi.

"Nikuambie kitu, usikasirike," alisema.

"Niambie, mama."

"Myaka yote ile, pikipiki ikisimama tu hapa, anauliza, ni Kavira? Namuambia hapana, ni jirani. Kesho yake anauliza tena. Kisha ule mama wa Karusandara akafa, akasema, sasa atakuya kuambia nani, na kutoka siku ile hakuulizaka tena." Akakifunga kitenge chake upya kiunoni. "Leo pikipiki yako iliposimama nilimuangalia. Nilisema atauliza, ni Kavira? Hakuuliza."